Mtu wa Tano katika Nyumba Namba 212

Nyumba Namba 212 iliwajua watu wake wote na kuwafuata kwa mwanga. Ukitoka jikoni kwenda kulala, taa ya jikoni ilififia nyuma yako na ya kitandani ikawaka mbele yako kabla hujainua mguu. Waliobuni mfumo huo waliuita mwangafuasi, na katika matangazo yao walimweka mama mmoja mwenye meno mazuri akicheza na watoto sebuleni. Hawakuionyesha nyumba yenyewe kwa nje: sanduku la bati lenye magurudumu kumi, lisilo na dirisha hata moja, kwa sababu kuta na paa vyote vilifunikwa mabamba ya jua. Nje jua likiwaka la utosi, ndani bila taa huoni kiganja chako.

Na tangu Jumanne taa zilikuwa zikizima.

Fundi Hadiya Shemdoe alifika saa mbili asubuhi, tayari amekasirika. Nyumba tembezi elfu tatu zilikuwa zimepanga foleni kwenye tambarare chini ya milima ya Upare, zikisubiri kupandishwa katika jiji jipya lililojengwa juu, kwenye baridi. Huku chini joto na vumbi vilikuwa vimeshashinda watu, vikashinda hata mkonge. Kwa siku lango la jiji lilipitisha nyumba ishirini tu. Leo zamu ilikuwa ya Namba 212, mkaguzi angefika saa nne, na nyumba yenye hitilafu ya taa, isiyopigwa muhuri wa fundi, ilirudishwa mwisho wa foleni. Kutoka mwisho hadi mbele ilikuwa miezi mitano.

"Wewe ni wa nne," alisema Mbonea, mwenye nyumba, badala ya kumsalimia. "Watatu wamekuja, wote wamesema ni nzima, wakageuka tu zikazima. Kama na wewe umekuja kubabaisha, sema mapema."

"Salamu haijawahi kuunguza fyuzi ya mtu," Hadiya alimjibu. "Zinazimaje? Zote kwa pamoja, au moja moja?"

"Zinazima tu! Ningejua zinazimaje ningekuita wewe?"

Ndani kulikuwa giza, na kurunzi moja ilining'inia juu ya meza. Kwenye mwanga wake Hadiya aliwaona watoto wawili wamekaa kitandani. Mdogo, Tumsifu, alikohoa kikohozi kikavu cha vumbi, kile ambacho kila fundi wa tambarare amekizoea na hapendi kukizoea. Mbele ya mlango wa choo alisimama mama wa Mbonea, Bibi Namkunda, ameegemea mkongojo. Eliwaza, mke wa Mbonea, alipitisha mkono, akaweka kidole chake kwenye kitasa, mlango ukafunguka.

"Kidole cha mama nyumba haikisomi," Mbonea alisema, kwa kuwa Hadiya alikuwa anatazama. "Miaka thelathini kwenye mashine ya mkonge, alama zote zimesagika. Kila kitu humu tunamfungulia sisi. Hilo si la kwako. Shughulika na taa."

"Shikamoo, mama," Hadiya alisema, akimpita Mbonea kama nguzo.

"Marahaba, mwanangu. Msamehe huyu. Hajalala."

Mafundi wa nyumba tembezi wana desturi moja wasiyoivunja: kabla ya kupima, watu wote hutoka nje. Mwangafuasi hukimbiza umeme huku na huku kumfuata kila anayejongea, na mita haitulii. Basi Hadiya aliwatoa wote. Bibi Namkunda, ambaye miguu yake ilivimba na hakutoka ila akitolewa, aliteremshwa ngazi akishikwa kwapa huku na huku, akakalishwa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Aliposhuka tu, taa ziliwaka. Hadiya hakulishangaa hilo. Hitilafu ina tabia ya kujificha ikimwona fundi, na yeye alikuwa na kibali chake cha ufundi shingoni, ambacho nyumba ilikisoma na kumtambua.

Akaanza kwenye betri. Nzima. Fyuzi, moja baada ya nyingine. Nzima. Akapanda juu ya dari kufuata nyaya, akatafuta mahali zinaposuguana na bati. Hakuna. Ikabaki njia ya kurudi. Katika nyumba yenye magurudumu umeme hauendi na kurudi kwa nyaya mbili kama katika nyumba ya matofali. Ukishapita kwenye taa, hurudi kwenye betri kupitia bodi yenyewe, lile sanduku la bati, na kati ya bodi na betri kuna bolti moja tu. Hadiya alijipenyeza chini ya sakafu kwa tumbo na kuikuta imelegea, imekula kutu. Akacheka peke yake. Mafundi watatu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuchafua shati!

Aliisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akaikaza kwa spana namba kumi na tatu, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope.

"Ingieni," alisema. "Na ukiwaona wale watatu, wasalimie."

Mbonea akaingia, taa zikawaka. Akaingia Eliwaza, wakaingia watoto. Zikawaka. Wa mwisho akapandishwa ngazi Bibi Namkunda, akaingiza mkongojo, akaingiza mguu, na nyumba nzima ikazima.

"Unaona?" Mbonea alifoka gizani. "Unaona? Saa tatu na nusu sasa! Nyie mnasomea wapi huu ufundi? Toka na msasa wako!"

Hadiya alitaka kumjibu jibu la kumtosha mwezi mzima. Lakini alikuwa ameona taa zilizima mguu wa nani ulipoingia. Alimwomba radhi bibi kwanza.

"Mama, nisaidie. Rudi nyuma hatua moja, nje ya mlango."

Bibi Namkunda akarudi. Taa zikawaka.

"Ingia."

Zikazima. Walifanya hivyo mara tatu. Hadiya alijisikia mjinga. Mafundi wanne, na wote walianza kwa kumtoa nje mtu ambaye nyumba ilikuwa inamlalamikia.

Alifungua kioo cha kuiongozea nyumba, kilichokuwa nyuma ya mlango, akatafuta orodha ya wakazi. Mtu asiyeandikwa humo nyumba humhesabu mwizi, na mwizi huzimiwa taa ili atafute mlango. Akasoma kwa sauti.

"Wakazi wanne. Wa tano, Namkunda, amefutwa. Jumanne, saa moja asubuhi, kwa kidole." Aligeuka. "Cha nani?"

Tumsifu alikohoa. Eliwaza alimtazama mumewe polepole, kama mtu anayeogopa kufika mwisho wa kumtazama.

"Mimi," alisema Bibi Namkunda. "Nilibonyeza mwenyewe. Nilikuwa napangusa vumbi kwenye hicho kioo, nikabonyeza. Uzee huu. Msigombane."

Hadiya aliitazama mikono iliyoshika mkongojo. Vidole vilikuwa laini, vinang'aa. Hakuna kitasa kilichowahi kuvisoma.

Mbonea alikaa kwenye ngazi. Alipozungumza, ukali ulikuwa umemtoka, na Hadiya alitamani urudi, maana mtu mkali ni rahisi kumchukia.

"Jumatatu usiku walitangaza langoni. Wanapitisha watu wanne kwa nyumba, basi. Mkiwa watano mnarudi nyuma, mnasubiri nyumba kubwa. Miezi mitano mingine. Na huyu mtoto kifua chake... Daktari alisema miezi miwili ni mingi." Alifuta uso. "Ningemwacha hapa chini kambini, kwa wauguzi, nikifika juu nimfuate. Ningemwambia leo. Sikujua kama itamzimia taa. Haki ya Mungu, sikujua."

"Sasa umejua," Hadiya alisema. "Weka kidole, umrudishe."

Mbonea aliangalia kioo. Aliangalia kidole chake. Mkono wake ulibaki kwenye goti.

"Mwanangu," Bibi Namkunda alimwambia Hadiya, kwa hasira kabisa, "nani amekutuma unihesabu? Umeitiwa taa. Tengeneza taa, piga muhuri, uende." Akageuka, akashuka ngazi peke yake bila kushikwa, akakaa kwenye ndoo, akawapa mgongo.

Taa zote ziliwaka, nyeupe, zimetulia. Hazikuwahi kuwaka vizuri vile, na Hadiya alizichukia.

Kwa mbali gari la mkaguzi liliinua vumbi. Hadiya alichukua spana yake, akajipenyeza tena chini ya sakafu. Alijua anachofanya. Alijua kikohozi kile pia, alikisikia kupitia ubao, juu kidogo ya sikio lake, na kwa muda mrefu kuliko alivyopenda spana ilibaki imekaa kwenye bolti bila kuzunguka. Kisha akaizungusha kinyume, bolti ikalegea mpaka taa zote zikazima.

"Kuna nini humu?" mkaguzi aliuliza, akichungulia giza.

"Bolti ya kurudisha umeme," Hadiya alijibu, akijifuta mikono. "Haijakazwa. Siipigi muhuri hii."

Mkaguzi aliandika, akabandika karatasi nyekundu mlangoni, akaenda Namba 213.

Mbonea alimtukana Hadiya matusi yasiyoandikika. Eliwaza alishuka, akamshika mama mkwe kwapa na kumpandisha ngazi. Wote watano wakawa ndani, kwenye giza lilelile, na hakuna taa iliyobaki ya kumkataa mtu.

Hadiya alifungasha vifaa taratibu. Alisikia sauti ya Bibi Namkunda ikimwita mtoto aje asuguliwe kifua. Halafu akasikia kikohozi, na baada yake kingine, akasimama pale pale juani akivihesabu.