Moto wa Mizizini

Kila siku ya shule, Corrie Lindqvist alikuwa mtoto wa mwisho kushuka kwenye basi. Wenzake wengine walishukia mjini, wengine kwenye njia panda ya kiwanda cha mbao, naye akabaki peke yake na dereva, basi likipanda bonde mpaka pale lami inapoishia. Hapo alishuka, akasema asante, akasimama kusikiliza ngurumo ya basi ikififia kuelekea chini. Baada ya hapo hakuwa na wa kumsemesha hadi usiku uingie.

Mama yake alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zake zilichelewa kwisha. Baba yake alikuwa mzimamoto wa misituni. Tangu Julai alikuwa katika jimbo la Oregon, akifuata mioto kutoka mlima mmoja hadi mwingine, na alipopata mtandao akapiga simu, sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi. Tess, rafiki yake wa pekee katika bonde lile, alikuwa amehamia mji wa Spokane na wazazi wake kabla shule hazijafunguliwa. Mwanzoni waliandikiana kila siku. Sasa Corrie alituma ujumbe mrefu, na siku ya pili yake Tess alijibu kwa kikatuni kinachocheka.

Jirani alikuwa mmoja tu, Bwana Orrin Bashaw, mzee aliyeishi na farasi wake wawili ng'ambo ya kijito. Aliwahi kuwafokea Corrie na Tess kwa kukwea uzio wake. Tangu hapo, wakipishana barabarani, aliinua kidole kimoja kwenye usukani wa gari lake kuukuu, basi, salamu imekwisha.

Jumapili ile mama alikuwa kazini tena. Corrie alikwenda kijitoni, kwenye duara la mawe ambapo baba alizoea kuwachomea soseji yeye na Tess. Alijua vizuri kwamba kiangazi chote kile haikuruhusiwa kuwasha moto nje. Nyasi zilikuwa zimekauka hadi zinavunjika zikikanyagwa. Lakini hakuwa anataka soseji. Alitaka ile harufu ya moshi, kwa sababu ndiyo harufu ya koti la baba. Akakusanya vijiti, akawasha moto mdogo chini ya msonobari mkubwa, akakaa akiutazama mpaka ukasinyaa. Kisha akaufukia kwa udongo, akaukanyagakanyaga na kurudi nyumbani. Mama alipomuuliza siku yake ilikuwaje, alijibu, "Kawaida tu."

Siku ya pili kulikuwa na joto la ajabu. Darasani, Mwalimu Pruitt alisimama dirishani akitazama mbingu, ambayo ilikuwa na rangi ya maziwa.

"Sikilizeni," alisema. "Leo alasiri hewa baridi inashuka kutoka kaskazini. Kesho huenda tukaona theluji kwenye vilele. Lakini kabla ya baridi utakuja upepo, na upepo huo ni mkali sana. Msitu umekauka. Chochote kinachotoa moshi leo kitapata mbawa. Mwambieni kila mtu nyumbani."

"Corrie, si baba yako ndiye mzimamoto?" Tucker alimtania kutoka nyuma. "Mpigie arudi basi, atatuachia tuungue?"

Wengine wakacheka. Siku nyingine Corrie angemjibu. Siku hiyo alikuwa anafikiria udongo aliomwagia moto ule. Je, aliugusa kuona kama umepoa? Hakuugusa.

Aliposhuka basini hakwenda nyumbani. Alikimbia moja kwa moja hadi kijitoni, mkoba ukimpigapiga mgongoni. Kwa mbali hakuona kitu, akaanza kutulia. Alipokaribia ndipo akaona uzi mwembamba wa moshi ukitoka ardhini, si katikati ya mawe bali pembeni, kwenye shina la ule msonobari.

Alimwaga chakula kilichobaki kwenye kopo lake la shule, akachota maji na kuyamwaga pale. Ardhi ikachemka. Moshi ukakatika, kisha ukajitokeza mahali pengine, hatua kadhaa mbele. Akamwaga tena, nao ukahamia kwingine. Moto ulikuwa chini, ukitembea ndani ya mizizi.

Ndipo upepo ukafika. Aliusikia kabla haujamgusa, ukishuka mlimani kwa kishindo kama gari la magogo, na miti ya juu ikaanza kulala upande mmoja.

Corrie alitazama nyumba yao. Hakuna aliyemwona Jumapili. Wavuvi walipita pale mara kwa mara, na mtu yeyote angeweza kuwa ndiye aliyeuwasha. Angeweza kuingia ndani, akafunga mlango, akasubiri mtu mwingine auone moshi. Kisha akatazama ng'ambo ya kijito. Farasi wa Bwana Bashaw walikuwa wameinua vichwa, pua zao zikielekea upande wake.

Alivuka maji na viatu vyake, akagonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Kuna moshi," alisema mzee alipofungua. "Kule kijitoni. Nimeuona sasa hivi."

Bwana Bashaw alichungulia juu ya kichwa chake. Hakufoka. Aliuliza haraka, huku akivaa viatu, "Moshi wa nini? Unatoka kwenye nyasi, au chini?"

"Chini."

"Umeanza lini? Binti, niambie kama unajua. Kama ni cheche ya leo, nabeba maji na magunia. Kama uko ardhini tangu juzi, maji matupu hayatasaidia kitu. Lazima tuchimbe."

Corrie alifungua mdomo, na uongo ukawa tayari pale ulimini.

"Jana," alisema. "Niliuwasha mimi. Niliufukia kwa udongo. Sikuumwagia maji."

Mzee alimtazama kwa muda mfupi sana. "Haya," alisema. "Chukua lile sepetu."

Alipiga simu kwa kikosi cha zimamoto akiwa anatembea. "Moto wa mizizi," aliwaambia, "umelala siku nzima, uko chini ya msonobari mkubwa karibu na kijito. Njooni na majembe pamoja na gari la maji." Njiani alifungua lango la malisho na kuwapiga farasi makofi ya mapajani, wakatoka mbio kuelekea barabarani.

Walichimba. Bwana Bashaw alikata mizizi kwa shoka, Corrie akatupa udongo pembeni na kukimbilia maji. Kila mzizi ulipokatika, ndani yake palikuwa pekundu. Upepo uliwatia majivu machoni. Mara cheche zikaruka juu ya vichwa vyao, nyasi za upande wa pili wa kijito zikashika, na moto ukakimbia kuelekea uzio kwa sauti kama kitambaa kinachochanwa. Corrie alisimama na sepetu mkononi. Hakuwahi kujua kwamba moto una kasi kiasi kile.

"Acha huo, chimba hapa!" mzee alisema. "Wale wanakuja."

Kweli, gari la zimamoto lilikuwa linapanda barabara. Kiongozi wao, mama mmoja aliyeitwa Gail Ostby, aliwagawa watu wake bila kuuliza swali, kwa sababu simu ilikuwa imemwambia kila alichohitaji kujua. Wengine walikimbilia nyasi, wengine wakaja na majembe kwenye mizizi. Uzio wa Bwana Bashaw uliungua kipande kikubwa, na sehemu ya malisho ikageuka nyeusi. Msonobari ilibidi waukate. Lakini moto haukufika kwenye zizi, wala kwenye nyumba, wala haukupanda mlimani.

Mama alipofika, baridi ilikuwa imeshashuka na mvua ya manyunyu inaanza. Alimkuta Corrie amekaa kwenye kisiki kipya, amevikwa blanketi la zimamoto, uso mweusi tii. Corrie alimweleza mwenyewe, kabla mtu mwingine hajasema. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. Hakumkumbatia mara moja. Kwanza aliketi kando yake.

"Kwa nini, Corrie?" aliuliza hatimaye.

"Nilimkumbuka baba."

Ndipo mama alipomkumbatia.

Usiku ule baba alipiga simu. Mama alimsimulia, kisha akampa Corrie simu.

"Mwaka huu nimezima mioto mingi," baba alisema. "Mingine iliwashwa na watu. Unajua ni wangapi waliokuja wakaniambia, ni mimi?"

"Sijui."

"Hakuna. Hata mmoja. Wote walinyamaza, na sisi tukafika tumechelewa, hatujui moto umetokea wapi wala umekaa muda gani. Kuna watu hawana nyumba leo kwa sababu hiyo." Akakohoa. "Umefanya kosa kubwa, mwanangu, na adhabu utaipata, usidhani nimesahau. Moto unazimwa kwa maji, unakorogwa pamoja na majivu yake, unamwagiwa tena, mpaka uweze kuushika kwa mkono. Lakini kosa la pili ni kuficha, na hilo hukulifanya. Ukisema kweli mapema, watu wanajua pa kuchimba."

Corrie alilia kimyakimya. "Utarudi lini?"

"Sijui bado. Mvua ikifika huku."

Jumamosi vilele vilikuwa vyeupe. Corrie alivuka kijito, akakuta Bwana Bashaw anang'oa nguzo za uzio zilizoungua. Mzee alimpa jozi ya glavu, kubwa kuliko mikono yake, akamwonyesha pa kushika.