Bamba Kwanza, Mtoto Baadaye

"Mvua inyeshe kwa mupaka."

Sauti ilikatika. Jaël Kabedi aliishusha Thuraya, simu yake ya setilaiti, na kuichomeka ndani ya buti.

Aliyetoa amri hiyo ni Barthélemy, mkuu wake katika Idara ya upelelezi, mtu anayesema kwa mafumbo hata akiagiza chai. Fumbo hili lilikuwa jepesi: dhahabu iachwe itoke Likasi, na wenye dhahabu wakamatwe mpakani. Jaël alicheka kwa pua. Mwaka jana mvua hiyohiyo iliahidiwa mpakani, na halikudondoka hata tone. Dhahabu ilipita, na wenyewe wakapita nayo wakipunga mikono.

Leo hapana.

Nje injini zilikuwa zikipashwa moto. Ilikuwa raundi ya mwisho ya msimu wa Formula Espoir, mashindano ya madereva chipukizi: vigari vyepesi vya kiti kimoja, magurudumu yamekaa nje, na ndani yake vijana wanaoota kufika Ulaya. Msimu ulianzia Kolwezi, ukapita Lubumbashi, ukavuka hadi Ndola na Kitwe, na sasa ulikuja kufia katikati ya Likasi, kwenye barabara zilizozungushiwa matairi na magunia ya mchanga. Mtaa mzima wa Kikula ulikuwa umehamia kando ya barabara hizo. Watu walikaa juu ya kuta na juu ya malori, na wengine walipanda juu ya watu.

Kwao Jaël alikuwa mkaguzi wa mizani, mwanamke wa kizibao cha njano na kadi shingoni. Chini ya kizibao alikuwa na bastola, Glock. Mfukoni alikuwa na kipande cha mti, na hicho ndicho kilichomleta.

Mdogo wake, Cédrick, alianza msimu huu. Hakuumaliza.

Katika mashindano haya dereva mwepesi huongezewa uzito, ili mtu asishinde kwa sababu tu ni mwembamba. Bamba la madini ya risasi hufungwa kwenye kisanduku chini ya magari haya, karibu na miguu. Cédrick alikuwa mwembamba kama mama yake. Bamba lake lilipakwa rangi ya kijivu kama mengine yote, lakini ndani halikuwa risasi. Lilikuwa dhahabu, nayo ilivuka mipaka pamoja na msafara wa mbio bila mtu kuuliza. Dhahabu ni nzito kuliko risasi, kwa hiyo bamba la kilo zilezile huwa dogo, na kisanduku hubaki na nafasi. Nafasi hiyo ilizibwa kwa kabari ya mti.

Ndola, kabari ilichomoka. Bamba liliteleza hadi chini ya breki, na Cédrick akaingia kwenye kona akikanyaga kitu kisichokubali kukanyagika.

Mpaka hapo Jaël angeweza kuiita ajali. Kisichosameheka kilikuwa kwenye video ya simu ya mtazamaji mmoja. Wanaume wawili wanafika kwenye gari. Wanainama miguuni. Juu ya migongo yao mkono wa Cédrick unainuka, unashuka, unainuka tena. Wanaume wanachomoa bamba, wanalifunga ndani ya koti, wanaondoka nalo. Daktari alipofika, mkono ulikuwa umetulia.

Bamba kwanza, mtoto baadaye.

Wa kwanza kwenye video alikuwa Nicolas, mwenye timu, mgeni aliyekaa Katanga muda wa kutosha kukijua Kiswahili cha mafundi, na aliyekitumia kila alipotaka wageni wenzake wasielewe. Wa pili alikuwa Guy, fundi wake mkuu, mtoto wa Likasi. Huyu alikuja matanga. Alilala mkekani na wanaume wa ukoo, akala bukari, ugali wa mama yao, akalia kuliko ndugu wa damu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikula hadi sahani ya msiba. Jaël aliwachukia wote wawili kwa chuki safi isiyomwonea haya mtu.

Alibonyeza redio yake ya Motorola.

"Nambari saba. Kwa mizani."

"Nambari saba inakuya," Guy akajibu.

Sheria ya ukaguzi ilikuwa upande wake. Gari likiwa juu ya mizani pazia hufungwa, mafundi husimama nyuma ya mstari, na ndani hubaki mkaguzi na dereva tu. Dereva alikuwa Tina, msichana wa Kikula ambaye mama yake anauza samaki wakavu sokoni. Alirithi kiti cha Cédrick na akakitendea haki. Akimaliza wa kwanza leo, kombe la msimu lilikuwa lake, pamoja na safari ya kwenda kujaribiwa na timu ya Ulaya.

Jaël alitoa metorex kwenye sanduku la zana. Ni bastola ya kupimia madini. Wachimbaji wa Kakanda wanaijua vizuri na kuilaani vizuri, kwa sababu hakuna siku iliyowapa bei waliyoitarajia. Aliielekeza kwenye bamba, kona iliyokwanguka rangi, akavuta kifyatulio.

Dhahabu.

Alifungua bolti. Bamba lilikuwa na ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, na lilimvuta mkono hadi sakafuni. Pembeni yake palikuwa na kabari. Mpya, lakini ya mti uleule wa kipande alichokuwa nacho mfukoni. Hawakujifunza hata kitu kimoja. Walimzika mtoto, wakachonga kabari nyingine, wakamkalisha mwenzake juu yake. 

Alitoa bamba lake alilokuja nalo, risasi tupu iliyopakwa kijivu. Lilijaa ndani ya kisanduku bila kubakiza nafasi. Alikaza hadi ufunguo ukalia. Dhahabu ikaingia kwenye sanduku la zana.

Angeweza kuwakamata hapohapo. Lakini anayetia sahihi kwa uzito wa gari ni dereva. Nicolas angesema hajui lolote, angemwonyesha Guy, angemwonyesha msichana, na kabla jua halijazama angekuwa kwenye ndege. Dhahabu haina mdomo. Jaël alihitaji mdomo wa Nicolas mwenyewe, mbele ya watu.

Alimnong'oneza Tina yote, hata habari ya mkono. Kisha akamweleza anachotaka. Baada ya bendera ya ushindi magari huzunguka mara moja taratibu kabla ya kurudi kupimwa. Katika mzunguko huo Tina asimame kwenye kona ya reli, avute pini ya kopo la moshi alilompa, alaze kichwa asitikisike. Nicolas atakuja, na atachomoa bamba kama alivyolichomoa Ndola.

Tina alikaza glavu zake, akamwita yaya, yaani dada mkubwa, kama Cédrick alivyomwita.

"Yaya Jaël, akitosha ile plaque mule ndani, gari itapima mwepesi. Batafuta jina yangu. Kikombe inaenda."

"Inaenda," Jaël alisema. "Siwezi kukudanganya."

Msichana aliinua helmeti.

"Ile kona, Cédrick njo alinifundishaka. Mama yangu iko kwa ukuta pale. Umuambie asikimbie akiona moshi."

Akaivaa.

Jaël alipitia ukutani, akampa mama ujumbe, kisha akapanda kwenye kibanda cha mtangazaji. Mtangazaji wa Likasi ni Mamie, na Mamie ana desturi ambayo watu wa mji huu wanaipenda kuliko mbio zenyewe: hurusha redio za timu kwenye vipaza sauti vya barabarani, ili Kikula isikie madereva wakitukanana na wakubwa wao. Nicolas aliijua desturi hiyo. Kwa mambo yake na Guy alikuwa na masafa ya redio ya siri. Lakini Jaël alikuwa amekaa msimu mzima na kinasa masafa kidogo cha Icom ndani ya mkoba, na masafa hayo sasa alikuwa nayo. Alimpa Mamie waya wa kinasa hicho, akamwomba aufungue moshi ukionekana. Mamie hakuuliza sababu. Ndiye aliyekuwa akilitangaza jina la Cédrick tangu alipokuwa anaendesha vigari vya watoto.

Taa nyekundu zikazimika.

Tina aliondoka wa tatu. Kwenye barabara ya posta alimpita mmoja kwa ndani. Kwa yule wa mbele alisubiri, akamfuata, akamchosha, na kwenye kona ya reli akachelewesha breki hadi watu ukutani wakafumba macho. Alitoka wa kwanza. Hakutazama nyuma tena hadi bendera.

Kikula ililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wakiongozwa na mama muuza samaki.

Kisha moshi ukapanda kwenye kona ya reli.

Skrini kubwa ilionyesha gari nambari saba limeegemea matairi, na kichwa cha Tina kimelala pembeni. Mamie akafungua waya. Nicolas alikuwa kwenye banda la timu na vifuniko vya Peltor vyenye redio masikioni. Hakusikia kwamba sauti yake sasa ilikuwa inatembea barabara nzima.

"Guy. Unaona?"

"Naona, patron."

"Kimbia. Tosha plaque mule ndani mbele ya bazimamoto bafike."

"Patron, mutoto hatikisiki."

"Leka mutoto. Plaque kwanza."

Watu waliacha kupiga kelele. Kwenye skrini Guy alionekana amesimama mlangoni mwa banda na ufunguo wa bolti mkononi. Aliuweka chini.

"Miye hapana tena, patron. Ya Ndola inatosha."

Nicolas aliuokota ufunguo, akaruka kwenye pikipiki ya timu, akaenda mwenyewe. Kamera ilimfuata. Kila mtu alimwona akifika. Kila mtu alimwona akikisukuma kichwa cha msichana kwa kiwiko, kana kwamba ni mzigo uliozuia mlango, kisha akiinama miguuni. Bolti moja. Nyingine. Akachomoa bamba, akalikumbatia kifuani.

Lilikuwa kubwa kuliko lile alilolizoea. Alilitazama, akalikwangua kwa ncha ya ufunguo. Kijivu. Akakwangua zaidi, kwa nguvu. Kijivu hadi ndani.

"Guy, hii iko risasi." Sauti ilianza kumpanda. "Or yangu iko wapi? Guy. Nani aliiba or yangu?"

Or yangu. Dhahabu yangu. Vipaza sauti vilibeba maneno hayo hadi soko la Kikula.

Tina aliinua kichwa, akavua helmeti, akamkodolea macho. Nicolas akavua vifuniko vya masikio, na hapo ndipo aliposikia pumzi zake mwenyewe zikitoka kwenye kila nguzo ya umeme.

Umati uliruka matairi.

Jaël alifika na Yamaha ya wakaguzi, akaitupa chini kabla haijasimama. Jiwe la kwanza lilikuwa limekwisha kumpata Nicolas kwenye paji la uso. Mikononi mwa watu kulikuwa na mengine. Alitamani kuwaachia, hilo asilifiche mtu. Angegeuza mgongo kidogo tu, Likasi ingemaliza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini maiti haiinui mkono. Alifyatua Glock hewani mara moja, akasimama katikati.

"Huyu iko wangu," aliwaambia. "Nilimungoya musimu muzima."

Walimtazama usoni, wakaangusha mawe.

Alimfunga Nicolas mkono mmoja kwa pingu kwenye bomba la kinga nyuma ya kiti cha gari. Kisha akatoa kipande cha mti mfukoni mwake na kukitia kwenye mfuko wa shati la Nicolas.

"Hii mulisahau Ndola."

Daktari alifika anahema. Damu ilikuwa inamtiririka Nicolas machoni, nyingi kuliko jeraha lenyewe, kama ilivyo kwa paji la uso. Aliinua mkono uliobaki huru.

"Docteur. Njoo. Docteur."

Mkono ulishuka. Ukainuka tena. Daktari alipiga hatua kumwendea, na Jaël akamshika bega.

"Mutoto kwanza."

Daktari alimtazama Tina, ambaye alikuwa amekaa juu ya tairi akinywa maji. Alimtazama Jaël, akaelewa, akapiga magoti mbele ya msichana. Alimpima mapigo ya moyo. Alimwangalia jicho la kulia, na la kushoto. Kisha akaanza na vidole vya mkono, kimoja baada ya kingine, na hakuwa na haraka yoyote.

Guy aliletwa na vijana wa Idara waliokubali kumfuata Jaël. Alijitupa miguuni pa Jaël, akaanza kusema alivyokuwa halali usingizi, alivyokuwa anamwona Cédrick kwenye ndoto. Jaël hakumsamehe na hakujaribu.

"Bukari ya mama ulikula," alimwambia. "Hii utaenda kumuambia weye mwenyewe."

Gari nambari saba lilisukumwa hadi kwenye mizani bila bamba. Lilikuwa jepesi kuliko sheria. Sheria haina jicho la huruma, na mkaguzi wa mizani siku hiyo alikuwa Jaël, kwa hiyo mkono wake ndio uliolifuta jina la Tina. Kombe lilikwenda kwa kijana wa Lubumbashi, aliyelipokea akiangalia chini.

Kikula haikujali kombe. Wanawake walikuja na makopo ya poudre, poda ileile wanayowamwagia watoto waliofaulu mtihani wa serikali, wakammwagia Tina kichwani, mabegani, mgongoni, hadi yakabaki macho tu. Tina alilia chini ya unga huo. Alililia kombe, na mama yake alimwacha alie.

Thuraya ilitikisika ndani ya buti.

"Mvua?" Barthélemy aliuliza.

"Imenyesha Likasi."

"Nani alikupa ruhusa?"

Jaël alikata simu. Aliwakabidhi vijana wa Idara sanduku lenye dhahabu, akavua kizibao cha njano, akakitundika kwenye nguzo, akaanza kutembea kuelekea Kikula pamoja na watu. Mtu alimpaka poudre begani akipita, na hakuifuta.

Nyuma yake, Nicolas alikuwa bado ameinua mkono.

Jaël hakugeuka.