Sahani Iliyofunikwa

Soko la Jamhuri la Thika, Jumamosi mchana, si mahali pa kwenda ukiwa na haraka wala viatu vyeupe. Warigia alikuwa na vyote viwili. Alikuwa amevaa rinda la rangi ya maziwa lenye vifungo vya mbao, alilojishonea kwa kitambaa kilichobaki baada ya kumshonea mteja mapazia. Usingeambiwa, usingejua. Kushona mapazia ndiyo ilikuwa kazi yake, na kitambaa kizuri hakikumpita hivi hivi.

Mama mboga alimfungia nyanya na vitunguu, kisha akachukua fungu kubwa la dhania akaliweka juu kama nyongeza.

“Mathe, hiyo utoe tu,” Warigia alisema. “Dhania mimi sikuli. Naskia ni kama nimeuma sabuni.”

“Sasa nani hukataa nyongeza?” mama mboga aliuliza, na ni kweli alikuwa ameudhika.

“Nipe mimi, sitakataa,” sauti ilisema nyuma yao.

Alikuwa kijana mrefu mwenye mwanya, amevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi. Warigia aliitazama hiyo pasi kwanza, ndipo akautazama uso. Mwanamume anayepiga ovaroli pasi si wa kupuuzwa.

“Dhania yote hiyo unapeleka wapi?” alimuuliza.

“Kwa ndengu. Na chapati, kama mkono utakubali.”

“Unajipikia mwenyewe?”

“Kwani nipikiwe na nani? Mimi hutengeneza friji, na hakuna hata moja imewahi kunipikia.” Alicheka, mwanya ukaonekana wote. “Naitwa Gachau. Niko Ruiru, pale Kiuu. Karibu jioni yoyote, utapata chakula.”

“Asante, nitakuja,” Warigia alijibu, vile watu hujibu. Ukikaribishwa unasema nitakuja, kisha kila mtu anashika njia yake. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Lakini hawakushika njia zao mara moja. Walisimama hapo wakibishana kama ndengu hutiwa nazi au la, mpaka mama mboga akawaomba wasogee wateja wapite. Kabla ya kuagana, Warigia alikuwa ameshachukua namba yake ili amwingize kwenye kikundi cha WhatsApp cha rafiki yake Bridget.

Kikundi kiliitwa Sufuria za Jioni, na watu wake walikuwa wa Thika na Ruiru. Kazi yake ilikuwa moja tu: jioni ikifika, kila mtu aonyeshe anachopika. Bridget, aliyekianzisha, alikilinda kama duka lake. Picha iwe ya chakula chako mwenyewe, cha leo, kikiwa mezani kabla hakijaguswa. Jamaa mmoja wa Kamenu aliwahi kuleta samaki mzuri ajabu, ila ukingoni mwa sahani palikuwa na jina la hoteli. Alitolewa bila kuulizwa.

Basi jioni za Warigia zikapata ladha. Ruqayya angeweka pilau, watu waombe anwani yake. Bridget angeweka matumbo, Warigia mukimo wake wa malenge. Kisha Gachau angetokea na sufuria lake lililojaa dhania mpaka ndengu zenyewe huzioni, na chini yake ameandika: “Kuna mtu hapa anaumia.” Warigia angecheka peke yake jikoni. Punde simu ingelia.

“Sasa, mrembo wa kuogopa majani.”

“Niaje, ng’ombe wa kula majani.”

“Mukimo yako imeniangalia vibaya sana leo. Nimekula yangu na machozi.”

“Si ungekuja ule?”

“Wewe ndio uliahidi kuja kwangu. Mimi nangoja.”

“Nitakuja, mpenzi. Acha pupa.”

Aliliachilia hilo neno mpenzi kama mtu aliyeteleza, lakini hakulirudisha. Jumamosi zilizofuata walikutana Thika, wakanywa chai na mandazi, wakatembea mpaka miguu ikauma. Gachau alimwita mtu wangu, na Warigia alipenda kuitwa hivyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ila kufika Kiuu aliahirisha kila mara. Kuingia nyumba ya mwanamume ni hatua, na Warigia alikuwa na kovu. Aliyemtangulia Gachau alikuwa na maneno matamu pia, mpaka siku Warigia alipompigia simu ikapokelewa na mke wake. Warigia alishona mapazia mwezi ule wote bila kuona anachoshona.

Safari hii, hata hivyo, moyo ulikuwa umetulia. Alikuwa amemwambia mama yake, waliyeishi naye Ngoingwa, kwamba Jumapili kuna mgeni. Mama hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama mgeni anakula njahi, kisha akaenda kuzichambua.

Ijumaa jioni Bridget alipiga simu. Hakusalimu.

“Umeona picha ya Gachau?”

“Nimeona. Matoke. Dhania kama shamba.”

“Acha sufuria. Angalia huku kwa kona, karibu na chupa ya chai. Unaona nini?”

Warigia aliikuza picha. Pale pembeni palikuwa na sahani, na juu yake sahani nyingine imepinduliwa.

Hakuhitaji kuelezwa. Ni nani aliyekulia huku asijue maana yake? Baba akichelewa kazini, chakula chake hupakuliwa na kufunikwa. Chakula cha mtu wa nyumba, anayerudi, mwenye ufunguo.

“Labda ni leo tu,” alisema.

“Rudi nyuma. Rudi uone.”

Alirudi nyuma. Ya jana, sahani imefunikwa. Ya juzi, imefunikwa. Siku ya githeri ilikuwa hapo, siku ya ugali na managu ilikuwa hapo. Jioni zote hizo yeye alitazama sufuria akicheka, na sahani ya mwenzake ilikuwa mezani wazi kabisa. Aliketi kwenye kiti cha jikoni. Alihisi aibu kwanza, hasira ikafuata baadaye. Chumba cha pili, mama yake alikuwa akiimba na njahi zake.

Gachau alipopiga, Warigia alipokea mara ya tatu.

“Mtu wangu, uko sawa? Nimekupigia sana.”

“Gachau, nikuulize kitu. Hiyo sahani umefunika ni ya nani?”



“Hiyo... wacha tu. Nikikwambia kwa simu utanicheka.”

“Naonekana nikicheka?”

“Ukikuja utajua, haki. Si kitu mbaya.”

“Sawa,” alisema, akakata.

Kesho yake hakwenda dukani kwake kushona. Alivaa sketi nyeusi ya kumbana na blauzi nyekundu aliyoihifadhia harusi za watu, akajifunga kilemba, akapaka rangi ya midomo. Kama alikuwa anaenda kumwona mwanamke mwingine, basi huyo mwanamke naye amwone. Jua lilikuwa linashuka boda boda ilipomfikisha Kiuu, kati ya vibanda vya viazi na nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Alielekezwa na muuza mayai, kwa kuwa fundi wa friji alijulikana.

Mlango ulikuwa wazi. Gachau alikuwa amejifunga leso kiunoni, unga umempaka mpaka kiwiko. Alimwona, akasimama na chapati mkononi.

“Warigia.”

“Endelea. Nimekuja tu kumsalimia.”

“Kumsalimia nani?”

Macho ya Warigia yalishafika mezani. Sufuria la ndengu, kijani juu kwa juu. Sahani moja ya kulia. Na pale karibu na chupa ya chai, ile nyingine, imefunikwa. Nyumba ilikuwa na kitanda kimoja nyuma ya pazia baya sana, na jozi moja ya ndara mlangoni.

“Anarudi saa ngapi?” Warigia aliuliza, na sauti yake ikamsaliti.

Gachau aliweka chapati chini polepole. Sasa ndipo alipoelewa.

“Fungua,” alisema.

“Nifungue chakula cha wenyewe?”

“Fungua, Warigia.”

Akafunua. Mvuke ulimpiga usoni. Ndengu, chapati mbili zimekunjwa juu yake. Alizitazama ndengu muda mrefu. Alitazama sufuria, akarudi kutazama sahani. Hapakuwa na jani hata moja. Zilikuwa zimepakuliwa kabla dhania haijatiwa.

“Ulisema utakuja,” Gachau alisema. Alikuwa anatazama sakafu. “Pale sokoni. Nilikukaribisha, ukasema utakuja, na hukusema siku gani. Cucu, mama ya baba yangu, ndiye amenilea, na kwake ukishamkaribisha mtu akikubali, kila jioni unapakua chake kwanza. Asikuje apate mmeshakula, aone kumbe mlikuwa mnamdanganya. Sasa ningekwambiaje kwa simu? Ati kila siku nakuwekea chakula? Ungeona nakufinya ukuje.”

Warigia alikuwa ameanza kulia, tena akicheka, na rangi ya midomo ikawa imeharibika bure.

“Na hii yote nisipokuja inaenda wapi?”

“Nakula asubuhi. Haina hata dhania. Nimeteseka.”

Alivuta kiti akaketi. Alikula ndengu zote, akaipangusa sahani kwa chapati ya mwisho, akamwambia kila kitu, yule wa kwanza na mke wake na simu. Gachau alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwongezea chai. Alipomaliza, Warigia aliangalia kule nyuma.

“Hilo pazia nitalitoa,” alisema. “Nakupenda, lakini hilo pazia nitalitoa.”

Jumapili, friji ya mteja mmoja wa Ruiru iligoma, na Gachau akachelewa. Mama yake Warigia hakutaka kungoja na njaa. Basi jioni ile, kwenye Sufuria za Jioni, ikaja picha kutoka Ngoingwa: njahi, wali, kabeji. Haikupita dakika simu ya Warigia ikalia.

“Wewe,” Bridget alisema. “Huku kwa kona naona sahani imefunikwa. Na hiyo majani juu yake ni nini? Tangu lini unanunua dhania?”

“Subiri kidogo,” Warigia alimjibu. “Mwenyewe anabisha hodi.”