Lifti ya Chupa

Walikutana mbele ya lifti ya chuo, saa ya watu kubanana. Mtunza stoo ya kemikali, koti jeupe na kilemba cha zambarau, aliingiza ndoo yenye chupa ya etha, akaning'iniza kibao cha kuzuia abiria, akabonyeza kitufe na kutoka. Fundi wa feni akabaki mdomo wazi.

"Chupa ipande lifti, sisi tupande ngazi?"

"Ikivuja humo ndani, kaka, utavuta hewa gani?"

Wakapanda pamoja. Kufika juu, fundi alishapewa namba ya simu.

Penzi likanoga, ila stoo ikawaingilia kati. Kila mara fundi akiomba kuingia humo, anakataliwa. "Unazipenda chupa zako kuliko mimi," alisema siku moja, akaondoka amenuna. Mtunza stoo naye akakaza roho, hakupiga simu, ingawa alimkumbuka mno.

Kisha feni ya stoo ikaharibika siku mtunza stoo alipokwenda zahanati. Msimamizi wa jengo akamfungulia fundi mlango. Kule zahanati, simu ya mtunza stoo ikaita.

"Kipenzi, usikate. Nimetengeneza feni, na rafu zote nimekufutia. Kuna mtungi ulikuwa na maji machafu, vijiti vya njano ndani. Nimeyamwaga, nataka kukuwekea maji safi."

Mtunza stoo akainuka kwenye benchi. "Hiyo ni fosforasi. Inakaa majini kwa sababu ikipata hewa inawaka yenyewe. Usiiguse."

"Imeanza kutoa moshi."

"Usiuvute. Kabati la chuma la spiriti limefungwa?"

"Nililifungua nilifute."

"Lifunge. Komeo mpaka mwisho."

Akasikia chuma kikigonga, kisha kikohozi.

"Tayari. Sasa nilete maji?"

"Hapana, moshi huo ni sumu. Toka, ufunge mlango, uwaambie watu washuke."

"Na stoo yako?"

"Iungue. Nakutaka wewe, toka."

Simu ikakatika. Alikimbia njia nzima, kilemba mkononi, akimpigia bila kumpata.

Alimkuta uani kati ya umati, macho mekundu, mzima. Moto ulikuwa umekula rafu moja. Kabati la spiriti halikuguswa. Akamkumbatia mbele ya wanafunzi na zimamoto, bila haya.

"Ulisema iungue," fundi alinong'ona.

"Nilisema."

"Basi nikuoe."

"Kwanza ujifunze kusoma lebo."

"Halafu?"

Alimfuta masizi shavuni kwa kilemba chake cha zambarau. "Halafu ulete wazee nyumbani."