Vyungu Vilivyomnyamazia Aliko

Kila asubuhi katika kijiji cha wafinyanzi cha Ikombe, kabla ya shule, Anyisile alimsaidia mama yake kutoa vyungu majivuni. Mpimaji alikuwa mdogo wake, Aliko. Ko, ko, aligonga kwa kidole. Chungu kizima huitika; chenye ufa hutoa sauti mbovu.

Tangu alipougua kichomi na kuchomwa sindano zahanati, kwa Aliko vyungu vyote vilinyamaza. Bado aligonga mchana kutwa, macho kayakodoa. Ko, ko, ko. Sauti ile ilimfuata Anyisile mpaka darasani.

"Ni Bibi Asegelile," mama alinong'ona. Mama aligombana na jirani huyo shimoni kwenye udongo wa kufinyangia. "Alisema nitaona. Nimeona! Kwake usikanyage."

Lakini Anyisile alikumbuka jambo. Siku ya sindano ya mwisho, Nesi Winnie alisoma chupa ya dawa, zile mpya zilizonunuliwa kwa wafanyabiashara, akaganda kama aliyeona nyoka.

Siku majirani walipokubaliana kumfukuza bibi, Anyisile alikimbilia zahanati.

"Nesi, Bibi Asegelile anafukuzwa. Eti kamloga Aliko. Kwenye ile chupa uliona nini?"

Nesi aliketi. "Tabibu wetu hapa aliniambia ninyamaze. Twende kwenu."

Uani, mbele ya majirani na Bibi Asegelile, Nesi alipiga magoti. "Mama Anyisile, dawa mpya ilikuwa kali mara mbili. Sikusoma hadi sindano ya mwisho, nikawa navuta kipimo kilekile cha zamani. Ikizidi huua masikio. Bibi hana kosa. Kosa ni langu."

Mama aliinua chungu kama atakayemrushia. Akakishusha polepole. "Muda wote huu namlaani mama wa watu!"

Bibi Asegelile alisogea, akaweka kiganja cha Aliko ubavuni mwa chungu, akagonga. Kikatetemeka. Aliko akacheka.

"Atapima kwa mkono," bibi alisema. "Nawe, mfinyanzi mkali, kesho twende shimoni pamoja."

"Ndaga, mama, asante," mama alijibu, akilia.

Nesi alilisimulia kosa lake kwenye mkutano wa afya wa wilaya. Wengine walimzomea, wengine walikumbuka makosa yao. Mwishowe likatoka agizo kwa zahanati zote: mgonjwa akidhurika kwa kosa la matibabu, aambiwe kweli mara moja, aombwe radhi, na wahudumu wote waelezwe kosa hilo ili lisirudiwe.

Aliko hakusikia tena. Ko, ko, aligonga, kiganja kikisikiliza.

"Mwanangu," mama alimwambia Anyisile, "ukijua chungu kina ufa, sema. Ukinyamaza, atakayeungua ni yule aliyekuamini."