Kamba ya Adriano

Haya yalimpata rafiki yangu Yusto, na akinisimulia hanitazami usoni.

Alikuwa akiongoza watalii mto Momba kwa boti ya mpira, wakitazama viboko. Boti ikanasa kwenye mwamba. Mwenzake Adriano akaruka majini kuinasua, kamba kiunoni, ncha ya pili imefungwa botini. Ishara yao ilikuwa moja: ikivutwa mara mbili, nitoe. Mamba akamdaka. Kamba ikavutwa mara mbili, boti ikalala upande, wageni wakapiga mayowe. Yusto akaikata kamba.

Kwa mama wa Adriano alisema imekatika yenyewe.

Mwili haukuonekana. Mama akaomba kipande kilichobaki akizike nyumbani, Mollo, kando ya shamba la ulezi. Jioni akakiteremsha mwenyewe kwenye shimo, ncha moja mkononi. Kamba ikakaza. Chini gizani udongo ukachakarika. Ikavutwa, ikalegea, ikavutwa tena.

“Yusto mwanangu, kwenu huko mtoni hii ina maana gani?”

“Ina maana uachie, mama.”

Mama akaachia. Kilikuwa kipande kifupi, hakizidi urefu wa mtu. Walisimama pale wakikisikia kikishuka, kikikwaruza udongo, mpaka giza likaingia.