Wachezaji Wanne wa Oshadi

Kila siku saa saba na nusu mchana Oshadi alirudi kutoka shule, akavua viatu vyake vyeupe, akavisugua kwa mswaki mkuukuu na kuvianika. Kisha alikula wali na dengu alivyoachiwa chini ya kawa, akaosha sahani yake moja na kukaa. Mama yake alikuwa muuguzi. Aliingia hospitalini saa saba mchana na kutoka saa moja jioni, kwa hiyo vyumba vile viwili vya kupanga vilibaki mikononi mwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Upande wa mbele aliishi mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye masikio mazito. Saa kumi bibi huyo aligonga dirisha na kuuliza, "Upo?" Oshadi alijibu kwa sauti kubwa, "Nipo." Siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake yote ya mchana.

Walikuwa wamehamia Anuradhapura, mji wa tambarare wenye joto, mwezi wa kwanza, kutoka Badulla kule milimani kwenye baridi, mama alipopewa uhamisho. Baba alibaki Badulla kwenye kazi yake ya reli, akawa anakuja mara moja kwa mwezi. Siku ya kwanza ya shule kulikuwa na mvua asubuhi, na Oshadi akavaa sweta kama ilivyo desturi kwao. Ilipofika saa nne jua likawaka. Darasa zima lilikuwa linajipepea kwa madaftari, naye akaona haya kuivua sweta mbele ya watu asiowajua.

"Jamani, huyu mwenzetu ana homa?" aliuliza mvulana mmoja aitwaye Bimsara.

Wakacheka. Tangu siku hiyo akaitwa Sweta. Hawakumchukia. Ila wakati wa mapumziko kila kundi lilikaa mahali pake, na makundi yale yalikuwa yamefungwa tangu darasa la kwanza.

Mwezi wa tatu Mama Mdogo Ruwani, mdogo wake mama, alipiga simu kutoka Colombo. Ruwani alikuwa amebuni mchezo wa karata unaoitwa Tuta. Wachezaji wanne wanalinda tuta la bwawa, kila mzunguko ukihesabiwa wiki moja, mpaka mpunga ukomae. Kila mmoja ana karata zake za mawe, udongo na magogo, na haruhusiwi kuzionyesha. Anaweza tu kugonga meza mara moja kila mzunguko, kuwadokeza wenzake kwamba ana kitu cha kusaidia. Karata za mvua zikizidi, tuta linabomoka na wote wanashindwa pamoja. Hakuna anayeshinda peke yake.

"Sasa naugeuza uchezwe kwenye simu," alisema Mama Mdogo. "Simu moja, inapita mkono kwa mkono, kila mtu anaona karata zake tu. Nahitaji watoto wanne wa rika lako waujaribu. Mkimaliza, niandikie kama mmeshinda au mmeshindwa, na kila mmoja amesema nini. Marafiki unao huko, au siyo?"

Mama alikuwa ameketi kando, miguu yake imevimba kwa kusimama kutwa. Aliinua macho kusikia jibu.

"Ninao," alisema Oshadi.

Mama akatabasamu, akaendelea kujikanda miguu.

Kesho yake Oshadi alikwenda mpaka pale walipokaa Yasodha na Malmi, wasichana wa darasa lake. Walikuwa wanacheka jambo fulani. Alisimama hapo akingoja wanyamaze, lakini walipomtazama, akainamia viatu vyake.

"Sweta, unatafuta nini?" aliuliza Malmi.

"Hakuna," alisema, akaenda bombani kunywa maji ambayo hakuyataka.

Mchana ule alitandika mikeka minne sebuleni, akakaa kwenye wa kwanza na simu aliyoachiwa na mama. Alicheza zamu yake, akahamia mkeka wa pili, akacheza, akahamia wa tatu. Alijua kila mkeka una karata gani, kwa hiyo tuta halikubomoka. Jioni aliandika taarifa: "Tumeshinda. Mimi, Yasodha, Malmi na Bimsara. Yasodha amesema rangi ya maji inapendeza. Bimsara amelalamika kwamba zamu yake inachelewa kufika."

Aliisoma tena kabla ya kuituma. Ilimpendeza.

Basi ikawa hivyo mara tatu au nne kwa wiki. Bimsara wa kwenye taarifa alikuwa na papara na kila mara alitumia magogo yake mapema. Malmi alimkaripia, Yasodha akawapatanisha. Kuna siku Oshadi alicheka peke yake kwa jambo alilomsemesha Bimsara, kisha akasikia jinsi kicheko kile kilivyovuma peke yake ndani ya chumba, akaacha. Shuleni, Bimsara halisi alipita karibu yake bila kumsalimu, naye akashangaa kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko zamani.

"Mnashinda tu kila siku," Mama Mdogo alisema kwenye simu. "Basi mchezo ni mwepesi mno. Ngoja niongeze mvua."

Akaongeza. Oshadi akaendelea kushinda. Akaongeza tena.

Wiki ya sita Mama Mdogo alipiga simu akiwa na sauti ya mtu aliyechoka. "Nimeupeleka kwa watoto wa Kurunegala. Wamecheza mara tisa, wameshindwa mara tisa. Binti mmoja amenirudishia simu, ananiambia, 'Dada, mchezo huu umetengenezwa ili kutuonea.' Mwisho wa mwezi shule kumi zinaungoja, Oshadi. Kuna kitu sikielewi. Jumamosi nakuja. Waite wenzako, nataka niwaone mnavyocheza."

Oshadi hakulala vizuri wiki ile. Ijumaa alimfuata Yasodha bombani, akahakikisha hakuna mtu karibu.

"Naomba unisaidie kitu," alisema. "Kesho mama yangu mdogo anakuja. Akikuuliza, mwambie umekuwa ukija kwetu kucheza mchezo wake wa simu. Mwambie mnashinda."

Yasodha alifunga bomba. "Mchezo gani?"

Oshadi akamweleza yote, akitazama chini.

"Yaani umeandika maneno yangu, na mimi sijawahi hata kufika kwenu?" aliuliza Yasodha. "Nilisema nini?"

"Kwamba rangi ya maji inapendeza."

Yasodha alitikisa kichwa. "Sitasema uongo kwa mama yako mdogo. Simjui, na wewe mwenyewe sikujui. Hata jina lako kwenye daftari la mwalimu huwa nalisahau." Alijifuta mikono kwenye sketi yake. "Kwa nini hukuniuliza tu kama nataka kucheza?"

Kengele ikalia na Yasodha akaenda zake.

Jumamosi saa nne Mama Mdogo alishuka kutoka kwenye basi akiwa na begi mgongoni na mfuko wa vitumbua vya choroko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno ya haraka. Kabla hata hajanywa chai alifungua simu yake. "Njoo uone. Nimeweka ukurasa wa shukrani." Pale, chini ya picha ya bwawa, yaliandikwa majina manne: Oshadi, Yasodha, Malmi, Bimsara. "Nimewaletea na vitumbua. Wanakuja saa ngapi?"

Oshadi alitazama majina yale. Yalipangwa vizuri, kama majina ya watu wanaofahamiana.

"Hawaji," alisema. "Hawajawahi kuja. Nilicheza peke yangu, Mama Mdogo. Yale mengine niliyatunga."

Mama Mdogo aliweka kikombe chini. "Yote?"

"Yote."

"Hata Bimsara na papara zake?"

"Ndiyo."

Mama Mdogo alisukuma kikombe pembeni. Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Oshadi zaidi. "Wiki sita," alisema. "Nimekesha nikiongeza mvua kwa sababu ya watu wasiokuwepo. Nimewakatisha tamaa watoto wa kweli." Akavuta pumzi. "Nionyeshe ulivyokuwa unacheza."

Oshadi alitandika mikeka minne. Akakaa kwenye wa kwanza, akacheza, akainuka, akakaa kwenye wa pili. Alipofika wa tatu aligonga sakafu mara moja, kisha akahamia wa nne kujiitikia mwenyewe. Mama Mdogo alikuwa amejishika mdomo.

"Inatosha," alisema. "Inuka, mwanangu."

Alifuta majina matatu kwenye ukurasa wa shukrani, Oshadi akiangalia. Kisha akasema, "Sasa nenda kamwite Yasodha. Usimdanganye kitu."

"Atakataa."

"Huenda akakataa. Basi akatae mwenyewe. Wewe umekuwa ukimkatalia kwa niaba yake tangu mwezi wa tatu."

Yasodha aliishi nyuma ya duka la fundi baiskeli. Oshadi alimkuta anatoa vikonyo vya pilipili zilizoanikwa juu ya gunia. Alisimama mbali kidogo, na safari hii hakungoja kuulizwa.

"Nimemwambia ukweli," alisema. "Na nimekuja kukuomba msamaha kwa kutumia jina lako. Pia nataka kukuuliza kama utakuja kucheza. Ukisema hapana, sawa."

"Siwezi kuondoka kabla sijamaliza pilipili hizi," alisema Yasodha.

Oshadi alisita, kisha akachuchumaa upande wa pili wa gunia na kuanza kutoa vikonyo. Baada ya muda Yasodha akasema, "Usijiguse macho." Baadaye tena akauliza, "Wewe unaitwa Oshadi nani?"

Walipomaliza walimpitia Malmi, aliyekuja hasa kwa sababu alisikia kuna vitumbua. Bimsara alikuwa uwanjani kwenye kriketi na hakutaka kusikia habari za karata. Wakapungukiwa mtu mmoja. Mama, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya asubuhi, alirudi saa nane mchana, akasikiliza kisa chote akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Ungeniambia," alimwambia Oshadi polepole.

"Ulikuwa unachoka, Mama."

Mama alivua viatu, akaketi kwenye mkeka wa nne bila kubadili sare. "Haya, nifundisheni."

Tuta lilibomoka mzunguko wa tano. Malmi alikuwa ameficha udongo wake akingoja mambo yaharibike zaidi, mama aligonga mahali pasipostahili, na Oshadi, aliyezoea kujua kila karata, aligundua kwamba hajui kabisa kumsoma mwenzake usoni.

"Si niligonga?" alisema Yasodha. "Mbona mlinitazama tu kama mbuzi?"

"Nilidhani unafukuza nzi," alisema Malmi, mdomo umejaa kitumbua.

Mama Mdogo aliandika kila kitu. Walicheza mara nne, wakashindwa mara nne. Usiku huohuo alianza kupunguza mvua, na kesho yake asubuhi wasichana wawili walirudi kujaribu tena. Safari hiyo mpunga ulibakiza wiki moja tu kukomaa, wakaagana kucheza tena Jumatano.

Jumapili mchana Oshadi alimsindikiza Mama Mdogo kituoni. Basi lilikuwa halijajaa, wakakaa kwenye benchi la saruji.

"Bado umenikasirikia?" aliuliza Oshadi.

"Kidogo. Itapita." Mama Mdogo aliweka begi magotini. "Nisikilize. Wakubwa husema mficha maradhi kifo humuumbua. Upweke nao ni maradhi, hakuna aibu kuwa nao. Ubaya ni ule uongo. Uliposema una marafiki, mama yako aliamini, mimi niliamini, na wote tukaacha kukutazama. Uongo wako haukunidanganya mimi tu. Uliwafungia mlango watu ambao wangeweza kuja."

"Malmi amekuja kwa ajili ya vitumbua."

"Najua. Jumatano huenda asije. Yasodha naye ana shughuli zake. Sikuahidi kwamba ukisema kweli nyumba itajaa watu kesho." Kondakta alianza kuita abiria, naye akasimama. "Ila mtu akija kwako baada ya kuambiwa ukweli, huyo amekuja kwako hasa. Na asipokuja, utajua uko wapi, uanzie hapo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama Mdogo."

"Basi taarifa ya Jumatano niandikie mwenyewe. Hata ikiwa na jina moja tu."